Valvu ya pili ikigoma: mwongozo wa kusafisha, kutia mafuta na kutunza valvu za tarumbeta kwenye hewa ya chumvi

Valvu yangu ya kwanza kunigomea ilinigomea Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, katikati ya harusi, beni yetu ya tarumbeta na ngoma inamsindikiza bwana harusi kwa miguu na mimi nimebanwa baina ya ngoma kubwa na ukuta. Nilibonyeza, kitufe cha kati kikazama, hakikurudi. Kuanzia hapo kila sauti niliyopiga ilitoka chini kwa nusu hatua. Wapenzi wa beni hawakufichi ukiharibu. Watoto waliokuwa wakitufuata walianza kuniigiza kwa midomo. Mzee aliyekuwa akipiga trombone pembeni yangu alimaliza kiitikio chake, kisha akaninyang'anya tarumbeta.

"Babu, mafuta nimetia asubuhi," nikajitetea. "Tena mengi."

"Umekula nini?"

"Kahawa na halua, kule kwa bi harusi."

"Basi na yeye kala halua." Akafungua kifuniko, akaichomoa ile valvu, akaifuta kwa shati lake, akaitemea mate, akairudisha. "Haya, piga."

Ikapiga kama dakika kumi. Mate ni maji, yanakauka. Lakini doa lililobaki kwenye shati la mzee sijalisahau: jeusi, zito, linanata. Yale yalikuwa mafuta yangu ya asubuhi, na ya jana, na ya juzi, yamechanganyika na sukari na vumbi. Valvu nyingi ninazoletewa hapa mjini hazikugoma kwa kukosa mafuta. Zimegoma kwa uchafu, na mwenyewe kila ikiganda anaongeza mafuta juu yake. Mafuta juu ya uchafu ni kupika lami. Kwa hivyo nitaeleza kusafisha kwa urefu kuliko kutia mafuta.

Kinachotokea ndani

Ukipuliza bila kubonyeza kitu, pumzi inapita njia fupi. Ukibonyeza valvu, matundu ya pistoni, ile nguzo ya chuma inayopanda na kushuka chini ya kitufe, yanageuza njia na pumzi inazungukia bomba la ziada. Valvu ya pili, ya kati, inashusha sauti nusu hatua. Ya kwanza, iliyo karibu na mdomo wako, inashusha hatua nzima. Ya tatu inashusha hatua moja na nusu. Muundo huu alioutengeneza François Périnet mjini Paris mwishoni mwa miaka ya 1830 ndio uliomo karibu kwenye kila tarumbeta la pistoni utakalolishika, liwe la polisi, la skuli au la beni.

Pistoni inateleza ndani ya silinda, na nafasi baina yao ni nyembamba kuliko unywele. Hapo ndipo shughuli yote ilipo. Mafuta yana kazi mbili: kulainisha mwendo, na kuziba huo upenyo mdogo ili pumzi isivuje. Punje ya mchanga wa Forodhani, ukoko wa chumvi au tabaka la sukari vinatosha kuijaza nafasi hiyo.

Mafuta gani

Tafuta mafuta ya valvu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Al Cass, Blue Juice na Yamaha ni majina yanayojulikana, na chupa yenyewe ni ndogo, kama mililita 60, lakini mpigaji mmoja anakaa nayo miezi. Anayekuja safari kutoka nje, mwagize. Haina uzito na haimtoi jasho.

Yapo ya asili ya petroli, na yapo yaliyotengenezwa kiwandani kikemikali, ambayo hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kukauka. Kwetu, penye joto, mimi napendelea haya ya pili. Ila usiyachanganye. Ukibadili aina, osha kwanza valvu zote tatu mpaka ziwe kavu kabisa, ndipo utie mapya. Baadhi ya mafuta yakikutana yanakuwa mazito.

Sasa vile vinavyopatikana jikoni. Mafuta ya nazi, hapana. Najua yako kila nyumba, na najua bibi alipakia bawaba nayo. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hivyo tarumbeta likiingia kwenye ukumbi wenye kiyoyozi valvu zinalala. Na hata yasipoganda, yakikaa yanachacha na kunata. Mafuta ya kupikia ni hivyo hivyo. Vaselini na grisi ni nzito mno kwa pistoni, mahali pao ni kwenye slaidi, yale mabomba yanayochomoka. Zile dawa za kupuliza za kulegeza boliti nazo ziache kwa fundi wa pikipiki.

Mafuta ya cherehani ni mazito kidogo kwa pistoni nzima, lakini pistoni iliyochakaa, inayovuja, wakati mwengine huyapenda. Mafuta ya taa? Wazee wetu wengi wamepigia mafuta ya taa, na siwezi kusema uongo, valvu inakimbia. Ila yanaruka upesi, yanaiacha pistoni kavu, na unayavuta kifuani kila unapojaza pumzi. Mimi nayatumia kwa jambo moja: kulegeza uchafu mkavu wa miaka, nje kwenye upepo, mbali na moto, na baadaye naosha kwa sabuni mpaka harufu iishe.

Kutia mafuta kila siku

Kaa chini. Usifanye umesimama, usifanye juu ya baraza la saruji. Weka tarumbeta pajani na tandika kitambaa.

Fungua valvu moja tu. Zungusha kifuniko cha juu mpaka kiachie, kisha vuta kitufe kwenda juu moja kwa moja, polepole, bila kuipinda pistoni. Itoke nusu. Itazame. Ikiwa inang'aa na mafuta ni maangavu, endelea. Ikiwa ina weusi au ukijani, acha kutia mafuta na nenda sehemu ya kuosha hapa chini, au angalau ifute.

Tia matone matatu mpaka matano kwenye ile sehemu pana yenye matundu, ukizunguka pande zote. Springi haihitaji kitu. Irudishe kwa kuitua tu, usiisukume, kisha igeuze kidogo kidogo mpaka usikie "tak". Huo ni ulimi wa pistoni umeingia kwenye mfereji wake. Kwenye matarumbeta mengi, namba iliyochongwa kwenye pistoni inaelekea upande wa mdomo, lakini mengine yana mpango wake, kwa hiyo kabla ya kutoa chochote tazama namba imekaaje.

Kufunga kifuniko kuna siri ndogo. Kwanza kizungushe kinyume, kama unafungua, mpaka uhisi kimedondoka kwenye nyuzi zake, ile michirizi ya kufungia. Ndipo ufunge, kwa vidole viwili tu. Nyuzi za shaba ni laini, na kifuniko kilichofungwa upande kinaharibu nyuzi kwa siku moja.

Fanya hivyo kwa ya pili na ya tatu. Kisha bonyeza zote kama mara ishirini na upulize bila kutoa sauti. Pumzi ikigonga ukuta, valvu moja haikukaa mahali pake au zimebadilishana nyumba. Usilazimishe, rudi uangalie namba.

Kosa moja ninaliona sana: mtu anatia mafuta kupitia vile vitundu vya kifuniko cha chini, kwa sababu ni haraka na hafungui kitu. Kule chini ndiko uchafu wote unakotua. Ukilipindua tarumbeta na kutia mafuta humo, unaubeba uchafu na kuurudisha juu kwenye pistoni.

Kuosha pistoni

Kwa mtu anayepiga mara tatu au nne kwa wiki, fanya hivi kila wiki mbili. Msimu wa harusi, kila wiki.

Tandika taulo. Toa valvu ya kwanza, ilaze. Kisha ya pili kando yake, kisha ya tatu, kwa mpangilio ule ule. Vifuniko vya chini navyo vilaze chini ya pistoni zake. Pistoni hazibadilishani nyumba kamwe, hata zikifanana kama pacha. Kila moja imesuguliwa kiwandani kwa silinda yake.

Kitambaa kizuri kuliko vyote ninachokijua ni kanga iliyochakaa, ile iliyofuliwa mpaka haina tena wanga wala nyuzi za kunyonyoka. Taulo linaacha manyoya, na unyoya mmoja unatosha kuikwamisha valvu. Kata vipande vyembamba.

Chukua beseni la maji vuguvugu na matone ya sabuni ya vyombo. Shika pistoni kwa kitufe, tumbukiza sehemu ya chini tu. Zile pete za felti, kitambaa kinene kilichoshindiliwa, zilizo juu, chini ya kitufe, zisirowe. Felti iliyolowa inakaa na maji siku nzima na inavimba, na ikivimba matundu hayakutani sawasawa. Pitisha brashi laini ndani ya matundu, safisha nje kwa kidole, suuza, futa.

Hapa Unguja tunakaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vingi yana chokaa, mengine yana chumvi. Ukiyaacha yakaukie kwenye pistoni, yanaacha utando mweupe. Ukishauona, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, tumbukiza pistoni dakika chache, suuza vizuri, kausha hapo hapo. Usiiache ukaenda kuswali ukarudi. Maji ya mvua yaliyokingwa masika ndiyo bora kwa kusuuzia.

Silinda nayo isafishwe. Zungushia kitambaa kwenye kijiti laini cha mbao au cha plastiki, hakikisha ncha imefunikwa, upitishe juu chini mpaka kitambaa kitoke cheupe. Chuma kisiingie humo.

Na sasa orodha ya haramu. Msasa, hapana. Stilwaya, hapana. Brasso ni ya vifundo vya shaba vya milango ya Mji Mkongwe, ina ungaunga unaokwaruza, na ukiitia kwenye valvu unaipanua ile nafasi nyembamba kuliko unywele. Dawa ya meno ni ndugu yake. Ndimu na majivu tunayong'arishia masinia, hata kwa nje siipendi: ndimu inatoa zinki kwenye shaba na kuiacha na rangi ya waridi. Unadhani imeng'aa, kumbe imeliwa.

Kuogesha tarumbeta zima

Mara moja kwa mwezi au miwili. Toa valvu, vifuniko na slaidi zote. Slaidi ya kwanza na ya tatu uzivute huku umebonyeza valvu yake, la sivyo unavuta dhidi ya hewa iliyofungiwa na unaichosha pistoni. Tandika taulo chini ya beseni, jaza maji vuguvugu na sabuni, tumbukiza tarumbeta nusu saa. Yasiwe ya moto, rangi ya juu itabanduka. Pitisha brashi ndefu inayopinda kama nyoka kwenye mabomba, zaidi lile refu linaloanzia mdomoni, kwani mabaki yote ya kinywa hutua humo kwanza kabla ya kushuka kwenye valvu. Mara ya kwanza utakapolisafisha bomba hilo hutataka kula chakula cha usiku.

Kwa nje, likague kwa mwanga. Madoa madogo ya waridi yenye kiini cheusi yanaonyesha bomba linaliwa kutoka ndani. Hilo halioshwi, ni la fundi.

Likishakauka, paka slaidi grisi au vaselini kidogo, rudisha valvu na mafuta mapya.

Ikigoma bado

Safi, ina mafuta, na bado inachelewa kurudi? Chunguza moja moja.

Kidole kwanza. Ukibonyeza kwa upande, kama anayepiga kinanda cha taarab amelala, pistoni inasukumwa ukutani. Bonyeza katikati ya kitufe kwa ncha ya kidole. Nimeshuhudia valvu "mbovu" zikapona kwa hili tu.

Springi ndiyo kitu pekee kinachoruhusiwa kuhama. Ipeleke springi ya valvu inayogoma kwenye valvu nzima. Ugonjwa ukihama nayo, springi ndiyo mgonjwa. Usiivute kuirefusha, itapinda na kuanza kusugua.

Kitufe kikigonga kwa kelele, tazama felti. Zimelika, au moja imepotea. Ukikata mpya, pima unene wake na zile zilizobaki nzima. Mpira wa ndara unaokatwa na vijana unanyamazisha kelele, lakini kwa kawaida ni mnene mno, na pistoni inasimama kabla matundu hayajakutana. Sauti inakuwa imezibwa na mpigaji analaumu midomo yake.

Kama inayogoma ni ya pili peke yake, uliza limeanguka lini. Slaidi ya valvu ya pili imechomoza ubavuni, na ikigongwa, hata kidogo, inausukuma ukuta wa silinda kwa ndani. Huwezi kuliona bonde hilo kwa macho. Ndiyo sababu tarumbeta huwekwa chini slaidi ya pili ikitazama juu. Yale yangu ya Mkunazini, licha ya halua, nayo yalikuwa na haya ndani yake: siku mbili kabla niliangusha sanduku kwenye ngazi za daladala.

Pistoni iliyokwama kabisa usiipige. Fungua kifuniko cha chini, tia mafuta juu na kupitia kwenye bomba la slaidi yake, liache usiku mzima, kesho sukuma kwa kidole gumba kilichofungwa kitambaa. Bisibisi iache droo. Kifuniko kilichoganda kigongwe taratibu kuzunguka pembeni kwa mpini wa mwiko, tone la mafuta kwenye nyuzi, ungoje. Koleo linaacha alama za meno na linaibonyeza duara, na hapo hakifunguki tena.

Kujua kama pistoni zimechakaa, vuta slaidi yake bila kubonyeza valvu, ngoja sekunde kadhaa, halafu bonyeza. Ikilia "pop", inashika hewa. Ikikaa kimya, inavuja. Hapo mafuta mazito kidogo yatakusaidia msimu mmoja au miwili.

Vyombo vyengine vya beni

Tuba na yufoniamu zenye pistoni ni kazi ile ile, matone tu yaongezwe maana pistoni ni nene. Zenye valvu za kuzunguka usizifungue. Tia mafuta mepesi kupitia bomba la slaidi huku ukichezesha vitufe, na tone la mafuta mazito zaidi, ya cherehani yanafaa, kwenye ekseli juu na nyuma. Trombone ya kawaida haina valvu za pistoni, ina slaidi ndefu yenye mahitaji yake.

Kinywa, jasho na sanduku

Sukutua kwa maji kabla ya kupuliza. Kwenye harusi zetu hutaepuka halua wala sharubati, kwa hiyo kula, sukutua, piga. Anayetafuna tambuu ana kazi zaidi: chokaa na vipande vya popoo vinashuka bombani, na pistoni inatoka na wekundu kama imejeruhiwa. Akimaliza aoshe meno kwanza.

Baada ya kupiga, toa mate kwa koki yake, puliza mabomba, futa alama za vidole vyako kwenye vitufe na mwili wa tarumbeta. Ukipiga ufukweni au Forodhani wakati wa upepo, futa vizuri zaidi, kwa sababu chumvi ya hewa inashika unyevu na kuuweka juu ya shaba usiku mzima. Usilifunge sandukuni likiwa na maji, wala usifunge humo kitambaa kibichi. Masika sanduku huota ukungu, lianike wazi kivulini kila jua likitoka. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu viweke humo. Mpira wa kufungia noti usiuweke: una salfa, na tarumbeta lililopakwa fedha linakuwa jeusi pale ulipogusa.

Kwangu sandukuni mna chupa ya mafuta iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki isije ikamwagika, vipande viwili vya kanga, kijiti, springi moja ya akiba, na chupa ndogo ya maji ya kusukutulia. Zile tarumbeta za kikundi zinazopigwa na watu watatu kwa zamu nimezibandikia karatasi ndani ya mfuniko: jina la aina ya mafuta, na tarehe ya mara ya mwisho kuoshwa.